Kwa Nini Umeliweka Hapa? Barua za Wasomaji Kuhusu Watoto na Maumbo

Tangu shule zifunguliwe, barua nyingi zinazonifikia zinahusu jambo moja: ile kazi ya kupanga maumbo ambayo watoto wa PP1 na PP2, ile miaka miwili ya chekechea kabla ya Gredi ya 1, wanarudi nayo nyumbani. Nimefundisha chekechea hapa Eastlands, Nairobi, kwa miaka mingi, na hakuna somo ninalolipenda kama hili. Kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa maumbo.

Habari mwalimu. Binti yangu ana miaka minne, yuko PP1. Mwalimu wake aliomba apange maumbo katika makundi. Nimemkatia karatasi za rangi, lakini kila mara anaweka nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Maduara, miraba na pembetatu zote zimechanganyika. Nikimwonyesha, ananiangalia tu, halafu anarudia vilevile. Je, ana shida? – Mama wa PP1, Umoja

Mama, mtoto hana shida, na kazi ameifanya. Ulimwambia apange, akapanga. Alichagua sifa moja, rangi, akaishikilia tangu mwanzo hadi mwisho. Hilo si jambo dogo kwa umri wake. Wenzake wengi huanza na rangi, wakifika katikati wanahamia ukubwa, na mwishowe wanakuambia wamejenga nyumba. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wanavyofikiri, aliwaona watoto wadogo wakiweka pembetatu juu ya mraba kwa sababu hiyo tu: inakuwa nyumba na paa lake.

Rangi ndiyo inayomvutia mtoto kwanza. Ukitaka aone umbo, mwondolee rangi kwa muda. Tafuta boksi la kahawia, yale ya dukani, ukate maumbo yote kwenye boksi hilo moja. Duara utalipata kwa kuzungushia penseli kwenye mdomo wa kikombe. Mraba utaupata kwa kukunja kona ya karatasi mpaka ukingo mmoja ulale juu ya mwingine, kisha ukate kilichozidi na uutumie kama kielelezo. Ukikata mraba mmoja kutoka kona hadi kona ya mkabala, umepata pembetatu mbili.

Anza na maumbo mawili tu yaliyo mbali kabisa, duara na pembetatu. Weka duara moja upande huu wa mkeka, pembetatu moja upande ule, bila kutaja jina lolote. Mpe la tatu mkononi, umwulize, “Hili linaenda wapi?” Akiliweka, nyamaza kidogo, kisha umwulize, “Kwa nini umeliweka hapa?” Swali hili la pili ndilo somo lenyewe. Mwulize hata akiwa ameweka sawasawa, ili asifikiri unauliza akikosea tu. Anaweza kukujibu, “Hili linazunguka, hili linachoma.” Furahi sana ukisikia hivyo. Anayesema “linachoma” ameshaigundua pembe kwa ngozi ya kidole chake, na jina lake litafuata.

Akizoea, mrudishie zile karatasi za rangi umwambie, “Jana ulipanga kwa rangi. Kuna njia nyingine ya kuzipanga hizi hizi?” Mtoto anayeweza kuvunja makundi yake mwenyewe na kuyaunda upya kwa sababu nyingine amepiga hatua kubwa.

Mwalimu, kijana wangu yuko PP2 na anayajua maumbo yote ya kwenye chati. Juzi tukiwa kwenye matatu nilimwonyesha ile alama ya barabarani inayomwambia dereva awape wengine njia, ile pembetatu yenye ncha chini. Alikataa katakata kwamba ni pembetatu. Anasema imeanguka. Na mraba nikiusimamisha kwa kona anasema ni almasi. Nimsahihishe vipi? – Baba, Kayole

Ndugu yangu, umenigusa pale ninapoumia. Kijana wako anaijua chati vizuri kabisa, na chati ndiyo iliyomfikisha hapo. Tazama chati nyingi zinazouzwa mjini. Utakuta pembetatu moja, pande zake zote sawa, imekaa kitako, na mara nyingi imechorwa macho na tabasamu. Mtoto akiangalia hiyo moja mwaka mzima, ataamini kwamba kukaa kitako ni sehemu ya kuwa pembetatu. Mimi chati hizo nimeacha kuzibandika ukutani.

Walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, walilieleza jambo hili katika tasnifu zao za mwaka wa 1957. Mwanzoni mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima, jinsi anavyomtambua shangazi yake kwa mbali, bila kuhesabu wala kupima chochote. Baadaye ndipo anaanza kuona sehemu zake: pande ngapi, kona ngapi, zimenyooka au zimepinda. Na walisisitiza kwamba kupanda kutoka ngazi hiyo ya kwanza hadi ya pili kunategemea zaidi anavyofundishwa kuliko umri wake. Kwa hiyo usingoje akue.

Fanya hivi. Kata pembetatu, uishike ikiwa imekaa kama ya kwenye chati. “Hii ni nini?” Atakuambia. Sasa igeuze kidogo mbele ya macho yake, usimame. “Nimekata kitu? Nimeongeza kitu? Bado ni pembetatu?” Igeuze tena kidogo. Endelea mpaka ncha ifike chini. Halafu mpe yeye aigeuze, akigusa kila kona na kuhesabu kwa sauti. Watoto wengi hukubali wenyewe mahali fulani katikati ya mzunguko, na unaona usoni kabisa.

Kisha mtengenezee makundi mawili: pembetatu, na zisizo pembetatu. Kundi la kwanza liwe na sura za kila aina: nyembamba ndefu, pana fupi, iliyoegemea upande mmoja, ndogo kama ukucha, iliyosimama kwa ncha. Kundi la pili ndilo linalofundisha zaidi, kwa hiyo lifikirie vizuri. Chora mistari mitatu iliyoacha pengo kwenye kona moja, haikufunga. Chora moja ambayo upande wake umepinda. Kata nyingine uipunguze ncha kidogo tu kwa makasi, ili iwe na pande nne ingawa ukiitazama haraka inafanana na pembetatu. Hiyo ya mwisho huwachanganya hata watu wazima.

Darasani mwangu tunatumia andazi na samosa. Kila kundi la watoto linapata sahani yenye andazi moja la kona tatu na samosa moja, na swali: zote mbili ni pembetatu? Kuna msichana ambaye simsahau. Alipitisha kidole taratibu ukingoni mwa andazi, akafika katikati ya upande, akasimama. “Hapa limefura,” akasema. Mwenzake akambishia: kona ni tatu, basi ni pembetatu. Msichana akachukua rula akailaza kwenye ukingo wa samosa, ikatulia. Akailaza kwenye ukingo wa andazi, ikacheza huku na huku juu ya lile tumbo. Akafikiri. “Lilikuwa pembetatu kabla ya kuingia kwenye mafuta.” Alikuwa sahihi, kwa sababu unga wa andazi lile ulikatwa kwa kisu pande zote tatu, mafuta ndiyo yaliyozifurisha. Hakuna chati iliyomfundisha hivyo.

Kuhusu mraba uliosimama kwa kona, usibishane naye juu ya jina. Mpe daftari. Kona ya daftari ni kipimo kizuri: ikiingia sawasawa kwenye kona zote nne za umbo, na pande zote nne zikiwa na urefu mmoja, huo ni mraba, hata ukining'inia. Sasa mkatie umbo jingine la pande nne sawa lakini lililobanwa ubavuni. Kona ya daftari haitaingia sawasawa. Ataona mwenyewe yapi ni miraba iliyogeuzwa na yapi si miraba.

Na hapa nawaomba wazazi na walimu jambo moja. Tusimwambie mtoto kwamba mraba si mstatili. Mstatili ni umbo la pande nne lenye kona nne zote za namna ya kona ya daftari. Mraba unatimiza hayo yote, na juu ya hayo pande zake zinalingana. Mtoto wa miaka mitano hahitaji kulikariri jambo hili, lakini akiuweka mraba kwenye kundi la mistatili, mwulize sababu kabla ya kuutoa. Akisema, “Una kona nne kama hizi,” mwache uliko. Nimewaona watoto wa gredi za juu wakihangaika kufuta walichofundishwa vibaya chekechea, na inaumiza kwa sababu hawakukosea wao.

Mwalimu mwanangu, mimi ni nyanya, ninalea wajukuu wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine mitano. Nimeona mjini kuna vifaa vya mbao vya maumbo, vimepakwa rangi nzuri, lakini bei yake siiwezi. Wasije wakaachwa nyuma na wenzao. – Nyanya, Githurai

Nyanya, heshima kwako, na asante kwa kuwalea. Hawataachwa nyuma.

Nadhani nakijua hicho kifaa ulichokiona, na ni kizuri. Aliyekieneza ni Zoltán Dienes, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria mwaka wa 1916. Seti yake ina vipande 48: maumbo 4, yaani duara, mraba, mstatili na pembetatu, rangi 3, yaani nyekundu, njano na bluu, ukubwa wa namna 2, na unene wa namna 2. Zidisha 4 kwa 3, kwa 2, kwa 2, utapata 48. Hakuna vipande viwili vinavyofanana kwa kila kitu. Nguvu yote ya kifaa hicho iko hapo, na nguvu hiyo haidai mbao.

Maboksi yanatosha. Kipande chembamba ni tabaka moja la boksi. Kinene ni matabaka matatu au manne yaliyogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto. Vilaze usiku kucha chini ya sufuria iliyojaa maji, la sivyo vitajikunja vikikauka. Rangi ni krayoni. Wala usianze na 48. Anza na maumbo matatu, rangi mbili, na kubwa kwa ndogo. Hivyo ni vipande 12, na vinawatosha kwa muda mrefu.

Huyo wa miaka mitano mfundishe treni. Weka kipande kimoja mezani, tuseme pembetatu nyekundu kubwa. Yeye aongeze behewa linalotofautiana na hilo kwa kitu kimoja tu. Anaweza kuweka pembetatu nyekundu ndogo, maana ukubwa tu ndio umebadilika. Anaweza kuweka duara jekundu kubwa. Akiweka duara la bluu kubwa, mabadiliko ni mawili, umbo na rangi, na behewa halishiki. Yeye ndiye aseme kilichobadilika. Wewe ukikosea makusudi na kumwacha akukamate, atacheza mpaka chakula kipoe.

Wa miaka mitatu bado anaweza kutia vitu mdomoni. Vifungo na vizibo vya soda visiwe karibu naye, na kizibo cha chupa kina meno yanayokwaruza. Pima hivi: chochote kinachopita ndani ya lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwake. Mpe vifuniko vikubwa vya mikebe na vya ndoo, apange vikubwa na vidogo.

Halafu, nyanya, ukikaa kuchambua maharagwe, mkalishe yule mkubwa kando yako. Mabovu huku, mazuri huku, mawe nje. Mwulize alijuaje kwamba hilo ni bovu. Atakuambia limetobolewa, au limekunjamana. Ni kazi ile ile ya darasani: kuchagua sifa, kuifuata, na kuitaja. Umekuwa ukiifundisha kabla hatujaiandika kwenye mtaala.

Mwalimu wa mwanangu wa PP1 anatushauri tupakue programu ya simu ya maumbo. Mtoto anaipenda, anavuta umbo kwa kidole mpaka kwenye kivuli chake na simu inapiga makofi. Inatosha? – Mama, South B

Haitoshi, mama. Simu inampigia makofi kabla hajatoa sababu, na anaweza kufaulu kwa kujaribu tu mpaka lishike. Pia kioo ni laini kila mahali. Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka wa 1907, aliwapa watoto maumbo ya mbao wapitishe vidole kwenye kingo zake, ili mkono ufike kwenye kona na ugeuke. Kwenye kioo mkono haufiki kwenye kona yoyote. Mwache acheze kidogo kama anafurahia, kisha zimeni simu mtoke mkatafute maumbo yale yale kwenye vigae, madirisha na mageti.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha PP2 Mukuru. Watoto wamezidi arobaini, vifaa hakuna, chati ni moja. Mtaala unataka mtoto apange na kuweka makundi kwa mikono yake. Nifanyeje? Na nitumie lugha gani? – Mwalimu kijana

Kwanza, toka nje. Chaki na ardhi vinatosha. Chora maumbo makubwa chini, mengi, yakiwa yamegeuka kila upande, mengine membamba, mengine makubwa ya kuingia watoto kumi. Taja sifa, usitaje jina: “Simama ndani ya umbo lenye kona!” Kisha, “lenye pande nne!” Kisha, “lisilo na kona!” Hiyo yenye kukanusha huwachelewesha, wape muda.

Pili, mchezo wa kubahatisha kanuni. Waambie kila mtoto alete kitu kimoja kutoka nyumbani: kifuniko, jani, kipande cha boksi, kijiti. Wewe weka kanuni kichwani, tuseme “vyenye ukingo ulionyooka,” uanze kuvigawa kimya kimya makundi mawili mbele yao. Anayedhani ameijua asiitaje. Achukue kitu kinachofuata akiweke. Ukimkubalia, endelea. Darasa zima linatazama, na hata walio nyuma wanafikiri. Kanuni itajwe mwishoni tu.

Nakusihi usitumie viatu wala nguo za watoto wenyewe kwa mchezo huu. Vitabu vingine vinashauri hivyo. Katika darasa lako kuna aliyekuja na ndara zilizokatika, na hafai kuwa kundi la peke yake mbele ya wenzake.

Wakishika hayo, leta kamba mbili za katani, ufanye duara mbili kubwa chini. Moja ni ya vitu vyekundu, nyingine ni ya pembetatu. Gawa vipande. Duara jekundu linajulikana liendako. Pembetatu ya bluu pia. Sasa mpe mmoja pembetatu nyekundu. Ataiweka kwenye nyekundu, mwingine ataihamisha kwenye pembetatu, na ugomvi mzuri utaanza. Usiwasaidie haraka. Mara nyingi atatokea mmoja wa kuvuta kamba mbili zipandane ili pawe na mahali pa kati. Asipotokea, vuta wewe kidogo uwaulize hapo katikati pakae nani. Na mraba wa bluu usio na nyumba ukae nje ya kamba zote mbili; waonyeshe kwamba kukaa nje ni jibu sahihi.

Lugha: tumia ile wanayobishania mchezo. Majina ya Kiingereza wape baadaye, wakishajua wanachokitaja.

Mtoto wangu wa Gredi ya 1 anasema kopo ni duara, mwalimu wake anasema si duara. Nani yuko sahihi? – Mzazi, Buruburu

Mwalimu yuko sahihi, na mtoto ameona kitu cha kweli. Kopo zima ni mcheduara. Duara ni uso wake wa juu na wa chini. Mkimaliza kopo la maziwa ya unga, paka rangi ya maji kitako chake mlipige kwenye karatasi kama muhuri: duara litatokea. Siku mkiwa mjini, mwonyeshe KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi lenye mnara, lililokamilika mwaka wa 1973. Mnara wenyewe unaelekea kuwa mcheduara, na ukumbi ulio kando yake una paa la umbo la pia. Mwulize upi ungeweza kubingirika ukienda moja kwa moja, na upi ungezunguka palepale.

Kisha rudini kwenye kopo. Ikiwa lina karatasi ya nembo iliyogandishwa, mwulize kwanza anadhani karatasi hiyo ikibanduliwa itakuwa na umbo gani. Watoto wengi husema duara. Ikateni kwa wima, muibandue taratibu, muilaze mezani. Ni mstatili. Mpe airudishe kwenye kopo mwenyewe, aitafute pale ukingo mmoja unapokutana na mwingine.